Sura ya kweli ya Jane Austen: tuiamini picha ipi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Dada yangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo aliniachia noti ya paundi 10 yenye picha ya mwandishi Jane Austen: mwanamke wa uso laini, macho makubwa, mtulivu. Baadaye nikaona katika kitabu picha nyingine iliyoandikwa kuwa ni yeye huyo huyo, lakini humo amekunja mikono, amebana midomo, na anaonekana kama mtu aliyekerwa. Mimi ninafundisha fasihi, na wanafunzi wangu wameniuliza alikuwaje hasa. Niwaambie wamwamini yupi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nitakujibu kwanza kwa ufupi ili usingoje. Ukilazimika kuchagua mmoja kati ya hao wawili, mchague huyo aliyenuna. Yeye alichorwa na mtu aliyekaa naye chumba kimoja, akamtazama, akainama, akachora. Huyo wa kwenye noti anatokana na kazi ya mwanamume ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja, na ambaye alishika brashi miaka 52 baada ya mazishi yake. Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba huyo aliyenuna ndiye Jane Austen kisha mambo yakaishia hapo, kwa sababu watu waliomjua walikuwa na malalamiko juu ya mchoro huo, na ushahidi wao hauwezi kutupwa. Sura ya mwandishi huyu haipo nzima katika picha yoyote. Imetawanyika katika karatasi moja ndogo ya penseli, katika barua, katika kumbukumbu za watoto wa kaka zake na hata katika koti la hariri, nasi tunapaswa kuikusanya tukijua kila kipande kimetoka mkononi mwa nani.

Jane Austen alizaliwa tarehe 16 Desemba 1775 katika kijiji cha Steventon, Hampshire, kusini mwa Uingereza, akafariki katika mji wa Winchester tarehe 18 Julai 1817 akiwa na umri wa miaka 41. Upigaji picha kwa kamera ulitangazwa hadharani mwaka 1839, kwa hiyo ulimkosa kwa miaka 22 tu. Kabla ya hapo aliyetaka sura yake ibaki alimhitaji mchoraji, na mchoraji wa kulipwa aliitwa na watu wenye ardhi na fedha. Kaka yake Edward, aliyelelewa na jamaa matajiri na kurithi mali zao, alichorwa picha kubwa ya rangi za mafuta akiwa amesimama wima. Jane, binti wa kasisi, aliyemtegemea baba na baadaye kaka zake, hakuna aliyeona haja ya kumgharimia hivyo. Umaarufu nao haukumsaidia. Riwaya zake nne zilizotoka akiwa hai, kuanzia Sense and Sensibility ya mwaka 1811 hadi Emma ya mwishoni mwa 1815, hazikubeba jina lake; ile ya kwanza ilisema tu kwamba imetungwa na mwanamke wa heshima. Wasomaji wengi wa wakati huo hawakulijua jina, sembuse uso.

Mchoro uliokushtua ni wa dada yake, Cassandra, aliyemzidi umri kwa karibu miaka mitatu na aliyeishi naye nyumba moja karibu maisha yake yote. Aliuchora mnamo 1810 kwa penseli na rangi za maji, na sasa umo katika National Portrait Gallery ya London, ambayo iliununua mwaka 1948. Ninakuomba uzingatie vipimo vyake: urefu wake ni milimita 114 na upana wake ni milimita 80, yaani ni mdogo kuliko kitabu cha pasipoti. Vitabu huukuza mpaka ukajaza ukurasa, na hapo kila mstari uliotetereka hugeuka kuwa kasoro ya uso wa mtu. Kata karatasi ya kipimo hicho, kisha uchore juu yake mtu mzima aliyeketi, kuanzia kichwani hadi kiunoni. Utaona kwamba uso unapata nafasi ndogo kama sarafu, na kwamba penseli ikiteleza nusu milimita tu, mdomo uliotulia unakuwa mdomo ulionuna.

Sasa utazame kwa utaratibu. Kilichofanyiwa kazi ni kichwa peke yake: uso umetiwa rangi, kofia ya kitambaa imechorwa kwa uangalifu, na nywele za kahawia zimejisokota zikishuka kwenye paji la uso. Kuanzia shingoni kwenda chini ni mistari ya penseli tu, ya gauni, ya mikono iliyokunjwa na ya kiti, kama vile mchoraji aliiweka kwa haraka akitarajia kuirudia siku nyingine. Macho ni makubwa na yanatazama pembeni. Kutoka puani hadi pembe za mdomo zimeshuka alama mbili zinazouzeesha uso, na midomo yenyewe ni myembamba. Hii ni kazi ambayo haikumalizwa, na aliyeiacha njiani hakuwahi kuitoa mbele ya umma.

Nimefundisha uchoraji wa sura kwa miaka mingi, na ninayaona humu makosa ninayoyasahihisha kila muhula. Mtu asiyepata mafunzo ya kutosha huchora jicho, kisha pua, kisha mdomo, kila kimoja peke yake kwa uaminifu mkubwa, lakini umbali kati ya kimoja na kingine humponyoka. Ndiyo maana unakuta macho ya mtu kweli, pua ya mtu kweli, na bado uso si wake. Kosa la pili ni la anayechorwa. Anapoketi kwa muda mrefu misuli ya mashavu hulegea na pembe za mdomo hushuka, na mchoraji asiye na uzoefu huchora kile kilichoko mbele yake dakika ya arobaini, wakati mwenye uzoefu hukumbuka alichokiona dakika ya kwanza. Cassandra hakuwa mgeni wa brashi: mwaka 1791, Jane alipokuwa binti wa miaka 15 akiandika historia ya Uingereza kwa mzaha, dada yake ndiye aliyeipamba kwa picha ndogo za wafalme na malkia. Hata hivyo alibaki mchoraji wa nyumbani, na katika uso wa mdogo wake ustadi wake ulifika mwisho.

Je, wenyewe walisemaje? Anna, binti wa kaka yao mkubwa James, alisema waziwazi kwamba mchoro wa shangazi yake Cassandra haukufanana na shangazi Jane kwa namna ya kuchukiza. Ni maneno makali, na Anna hakuwa mtu wa pembeni. Alizaliwa mwaka 1793, alikuwa mtu mzima wa miaka 24 shangazi yake alipofariki, na alikuwa akimpelekea kurasa za riwaya aliyojaribu kuitunga yeye mwenyewe. Siwezi kumweka kando kwa kusema kwamba alitaka tu shangazi aonekane mzuri. Ninamwelewa hivi: aliyempenda mtu humkumbuka akisema na akicheka, na mchoro huu umemshika Jane akiwa kimya. Lakini kukataa mfanano si kukataa kila kitu. Kofia, namna nywele zilivyokaa, wembamba wa mabega, mikono iliyokunjwa ya mtu anayengoja arudi kwenye shughuli zake: hayo Cassandra hakuyabuni, na hapakuwa na sababu ya kuyabuni, kwa kuwa hakuwa akimchorea mteja.

Upo pia mchoro wa pili wa Cassandra, wenye tarehe na herufi zake za kwanza, wa mwaka 1804. Humo Jane ameketi nje, amevaa gauni la buluu na kofia ambayo kamba zake hazikufungwa, na amemgeuzia mchoraji mgongo. Anna aliukumbuka na huu, kwamba ulichorwa siku ya joto walipokuwa matembezini. Watu wengi huutaja kwa masikitiko, kana kwamba tumenyimwa uso kwa makusudi. Mimi ninauthamini sana. Mkao wa mtu humtambulisha. Mama yako ukimwona kwa mbali sokoni humtambui kwa pua yake, unamtambua kwa bega na namna anavyoinamisha shingo. Hapa tunaye Jane Austen wa miaka 28, amejiachia, anatazama kitu ambacho sisi hatukioni, na aliyemchora ndiye mtu aliyemjua kuliko wote.

Tuje kwenye noti yako. Mwishoni mwa mwaka 1869 James Edward Austen-Leigh, kaka yake Anna kwa baba na kasisi wa kijiji cha Bray, alichapisha kitabu cha kumbukumbu za shangazi yake. Kitabu kilihitaji picha ya mwanzo, na familia haikutaka kuuonyesha ulimwengu ule mchoro wa 1810 ulivyo. Akatafutwa James Andrews, mchoraji wa mji wa jirani wa Maidenhead, akapewa mchoro wa Cassandra pamoja na maelezo ya wazee, akachora upya kwa rangi za maji. Kisha kazi yake ikachongwa kwenye bamba la chuma ili ichapishwe. Andrews aliyalainisha mashavu, akazifuta zile alama za kando ya mdomo, akayatuliza macho, akaongeza vitambaa vilivyokunjamana kwenye kofia, na mikono iliyokunjwa kifuani ikaondoka.

Wewe na mimi tunakifahamu kitendo hiki kutoka nyumbani. Katika sebule nyingi za kwetu imetundikwa picha ya babu au bibi iliyokuzwa kutoka kwenye picha ndogo ya kitambulisho: fundi ameongeza koti na tai ambavyo mzee hakuwahi kuvimiliki, amezitia nyusi wino, ameisafisha ngozi mpaka haina hata kovu la ndui. Watoto waliozaliwa baadaye humjua babu kwa picha hiyo tu. Waliomzika hutazama, hunyamaza kidogo, kisha husema, "Ndiye, lakini siye." Familia ya Austen ilisema karibu maneno hayo hayo. Binti wa kaka yao Charles, baada ya kuiona picha iliyochapishwa, aliandika kwamba ni nzuri kuliko ilivyotarajiwa kutokana na mchoro ilikotolewa, kwamba ni uso mtamu wa kupendeza, lakini kwamba hauoni kuwa umefanana sana na mwenyewe, jambo ambalo umma hautaweza kuligundua. Ninairudia kauli hiyo kwa wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu hatuna ungamo lililo wazi zaidi ya hilo juu ya namna uso huu ulivyotengenezwa.

Picha ya Andrews ikawa mama wa picha nyingi nyingine. Mwaka 1873 ilichapishwa huko Marekani picha iliyomwonyesha Jane Austen ana pete ya ndoa kidoleni, ingawa hakuolewa. Desemba 2013 kazi yenyewe ya Andrews iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya paundi 160,000, na tarehe 14 Septemba 2017 sura iliyotokana nayo iliingia katika mzunguko kwenye noti ya plastiki ya Benki Kuu ya Uingereza. Ipime noti uliyo nayo: ni milimita 132 kwa 69, na eneo lake linakaribia kulingana kabisa na la ile karatasi ya Cassandra. Benki ingeweza kuutumia mchoro wa dada. Ilichagua uso uliolainishwa, na ndio sasa umo mifukoni mwa mamilioni ya watu.

Nikiacha picha, yapo maneno, na hapa tuna utajiri zaidi ya watu wanavyodhani. James Edward, aliyemjua shangazi yake mpaka alipokuwa kijana wa miaka 18, alieleza kwamba alikuwa mrefu kiasi na mwembamba, hatua zake nyepesi na thabiti, mwenye afya na uchangamfu. Kwamba alikuwa na rangi ya maji ya kunde kwa kipimo cha Waingereza, iliyo safi na yenye damu, mashavu ya mviringo yaliyojaa, mdomo na pua vidogo vilivyokaa vizuri, macho maangavu ya kahawia yenye kijani kidogo, na nywele za kahawia zilizojisokota zenyewe kuuzunguka uso. Mdogo wake Caroline, aliyekuwa na miaka 12 shangazi alipofariki, anakubaliana naye karibu kwa kila jambo: uso wa mviringo kuliko mrefu, rangi angavu lakini si ya waridi, macho mazuri sana, nywele za kahawia iliyokoza zilizojisokota zenyewe. Kaka yake Henry, katika maelezo mafupi aliyoyatoa muda mfupi baada ya msiba, alisema kwamba kimo chake kilikuwa cha kupendeza, na kwamba kingeongezeka kidogo tu kingevuka kimo cha wastani.

Wapo pia wanaotofautiana nao. Jirani wa ujana wake, Sir Egerton Brydges, alimkumbuka kuwa mweupe, mzuri, mwembamba, ila mashavu yalijaa kupita kiasi kidogo. Na bibi mmoja ambaye utotoni aliishi karibu nao katika kijiji cha Chawton alipinga hayo ya mashavu: alimkumbuka kuwa mrefu, mwembamba sana, mwenye mifupa ya mashavu iliyoinuka, rangi iliyoiva, na macho yasiyo makubwa bali yenye furaha na akili, na akasisitiza kwamba uso wake haukuwa mpana na mnene kama ulivyochorwa. Sioni hapa uongo wa mtu yeyote. Brydges alimwona akiwa binti mdogo. Yule bibi alimwona akiwa na zaidi ya miaka 30, wakati uso wa mtu umeshapungua nyama. Weka ushuhuda huu wa mwisho kando ya mchoro wa 1810 na utaona jambo ambalo linanishughulisha kila ninapoutazama: mifupa ya mashavu ipo na wembamba upo. Kinachokosekana ni ile furaha ya macho, nayo ndiyo ngumu kuliko vyote kwa mkono usio na mafunzo.

Mwenyewe naye ameacha ushahidi. Katika barua kwa Cassandra ya tarehe 1 Desemba 1798, akiwa bado hajatimiza miaka 23, alieleza kwamba amejishonea kofia mbili tatu za kuvaa jioni, nazo zimemwokoa na mateso ya kutengeneza nywele, kwa kuwa nywele zake ndefu husukwa zikafichwa na zile fupi hujisokota vya kutosha bila kuzungushiwa karatasi. Soma hayo, kisha utazame mchoro tena. Kofia ambayo wengi huichukulia kuwa alama ya mwanamke aliyekata tamaa ya kuolewa ilikuwa nyenzo ya mwanamke mwenye kazi nyingine za kufanya, na vile visokoto vya nywele kwenye paji la uso vimechorwa kama alivyovieleza miaka 12 kabla. Hapo Cassandra amethibitishwa na Jane mwenyewe. Barua nyingine, ya tarehe 23 Machi 1817, miezi minne kabla ya kifo, inauma kuisoma: anamwambia Fanny, binti wa Edward, kwamba sura yake inaanza kurudi kidogo baada ya kuharibika vibaya, kwani ilikuwa nyeusi na nyeupe na kila rangi isiyofaa. Uso huo wa ugonjwa hakuna aliyeuchora.

Kuna vitu pia. Hampshire limehifadhiwa koti refu la hariri ya kahawia lenye nakshi ndogo za majani ya mwaloni, la kati ya 1812 na 1814, ambalo kwa mapokeo ya familia lilikuwa lake. Mtaalamu wa mavazi ya kale, Hilary Davidson, alilipima kila mshono na kushona nakala yake, akakadiria kwamba aliyelivaa alikuwa na kimo cha kati ya sentimita 168 na 173 hivi na kiuno cha takriban sentimita 61. Huyo ni mwanamke mrefu na mwembamba sana, naye anakubaliana na yule bibi wa Chawton kuliko anavyokubaliana na mwanamke mnene wa mashavu aliyeko kwenye noti. Vilevile zimebaki nywele alizokatwa baada ya kufa ili ndugu wapate ukumbusho, na nyingine zimo katika makumbusho ya nyumba yake huko Chawton, japokuwa rangi yake imechujuka.

Utakutana mtandaoni na picha nyingine zinazodaiwa kuwa zake, na ninakusihi uwe mwangalifu. Inayojulikana zaidi inamwonyesha binti aliyevaa gauni jeupe na kushika mwavuli; familia iliyoimiliki inadai alichorwa na mchoraji Ozias Humphry akiwa na miaka 13, lakini wataalamu wengi wa mavazi wanasema gauni la mtindo huo ni la baada ya 1800, wakati Jane alikuwa mtu mzima. Ilipopelekwa mnadani New York mwaka 2007 haikupata mnunuzi. Mwaka 2011 mtafiti Paula Byrne alitoa mchoro wa mwanamke aliyeketi na kalamu mkononi, wenye jina "Miss Jane Austin" nyuma yake, na wataalamu wakagawanyika. Kuna pia kivuli cha uso kilichokatwa kwa karatasi nyeusi, kilichopatikana mwaka 1944 ndani ya nakala ya toleo la pili la riwaya yake Mansfield Park, kikiwa na maneno ya Kifaransa yanayomaanisha Jane apendezaye. Kwangu mimi hakuna kati ya hizi inayofaa kuwekwa mbele ya wanafunzi kama sura yake. Jina lililoandikwa nyuma ya picha linatuambia mtu fulani aliamini nini. Halituambii nani aliketi kwenye kiti.

Katika mji wa Bath, ambako Jane aliishi kwa miaka kadhaa, kituo cha kumbukumbu zake kilimwomba Melissa Dring, mchoraji aliyezoea kuwachorea polisi nyuso za watu kwa maelezo ya mashahidi, aunganishe mchoro wa Cassandra na maneno ya familia. Alitoa picha ya rangi mwaka 2002, na mwaka 2014 ikafuata sanamu ya nta ya kimo cha mtu. Ninaiheshimu njia hiyo kwa sababu inaeleza ilichokichukua na mahali ilikokitoa. Hata hivyo tabasamu la sanamu hiyo ni la mchoraji, kama utulivu wa noti ulivyo wa Andrews.

Kwa kuwa unafundisha fasihi, usiache kuwaonyesha wanafunzi kwamba mwandishi huyu alilijua tatizo hili kabla yetu. Katika Emma, binti mwenye jina hilo anamchora rafiki yake Harriet na kumwongezea uzuri. Bi Weston anaona kwamba nyusi na kope zile si za Harriet. Bwana Knightley anamwambia Emma amemrefusha mno. Na Emma anajua kuwa ni kweli lakini hakubali. Ukisoma ukurasa huo huku picha ya Andrews iko mezani, hutahitaji kuwaeleza mengi.

Darasani ningeanza na karatasi. Chapisha mchoro wa Cassandra kwa kipimo chake halisi, milimita 114 kwa 80, uuweke kando ya noti, na uwape maneno ya Caroline, ya James Edward na ya yule bibi wa Chawton. Waambie waandike nini kinathibitishwa na mashahidi wawili au zaidi, na nini kinasemwa na mmoja tu. Wakimaliza watakuwa na mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye nywele za kahawia zilizojisokota chini ya kofia ya kitambaa, rangi iliyoiva, na macho ya kahawia ambayo kila aliyemkumbuka kwa upendo aliyataja. Ndivyo ninavyomwona mimi, na ninamwona mikono yake imekunjwa, kwa sababu hilo sina namna ya kulifuta.

Kisha wasomee barua aliyomwandikia Cassandra kutoka London tarehe 24 Mei 1813, mwaka uleule ilipotoka riwaya yake Pride and Prejudice. Alikuwa amekwenda kwenye maonyesho ya picha akiwatafuta wahusika wake ukutani. Alimpata Bi Bingley, mwenye kimo kile kile, umbo la uso lile lile na upole ule ule, amevaa gauni jeupe lenye mapambo ya kijani. Bi Darcy hakumpata, ingawa alimtafuta katika maonyesho mengine pia, akitarajia kumkuta amevaa njano. Akahitimisha kwamba lazima Bwana Darcy anaithamini mno picha yoyote ya mkewe hata asipende iwekwe mbele ya macho ya umma. Aliyeipokea barua hiyo ndiye aliyekuwa na mchoro wa 1810, na alikaa nao mpaka alipofariki mwaka 1845 bila kumpa mchapishaji yeyote.